Kunakili CD: Kutoka Kilobiti 128 hadi FLAC

CD ya muziki, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huhifadhi sauti kwa sampuli 44,100 kila sekunde, biti 16 kwa kila sampuli, katika mikondo miwili ya kushoto na kulia. Hizo ni kilobiti 1,411 hivi kwa sekunde, au takriban megabaiti kumi kwa dakika. Katikati ya miaka ya 1990, albamu mbili tatu zilitosha kuijaza diski nzima ya kompyuta ya nyumbani. Aliyenakili CD zake aliwaza kwanza nafasi. Ubora ulikuja baadaye.

MP3, mfumo wa kubana sauti, iliondoa kikwazo hicho. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani, akiwamo Karlheinz Brandenburg, walijenga juu ya tabia ya sikio: sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani nayo, na iliyofunikwa yaweza kutupwa. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, wimbo ulibaki sehemu moja ya kumi na moja. Kiwango hicho kikawa mazoea, kikadumu kuliko kilivyostahili. Matoazi yalichuruzika kama maji, na mlio mkali wa ghafla ulitanguliwa na mkwaruzo hafifu. Sababu ni kwamba programu huibana sauti kipande kwa kipande, na kasoro ya mlio mmoja husambaa katika kipande kizima, hata pale palipokuwa kimya.

Mradi wa LAME, programu ya kutengeneza MP3, ulioanza mwaka 1998, ulibadilisha mengi. Uliimarisha mtindo wa kutumia biti kwa kadiri ya mahitaji: nyingi penye muziki mgumu, chache penye utulivu. Mpangilio wa V2 huwa na wastani wa kilobiti 190 hivi, V0 takriban 245, na kwa nyimbo nyingi ni vigumu sana kuitofautisha V2 na CD yenyewe bila kuambiwa ipi ni ipi. Ni matumizi bora ya nafasi kuliko kilobiti 320 zisizobadilika.

Lakini mpangilio mzuri hauokoi usomaji mbaya. CD ya muziki haina tabaka la ziada la kusahihisha makosa lililomo katika CD ya data, kwa hiyo kifaa kikikuta mkwaruzo hukisia sauti iliyopotea. Exact Audio Copy, programu ya Andre Wiethoff, ilileta nidhamu ya kusoma sehemu ileile zaidi ya mara moja na kulinganisha matokeo.

Diski zilipokuwa kubwa na nafuu, FLAC, mfumo wa kubana sauti wa Josh Coalson ambao toleo lake la kwanza lilikamilika mwaka 2001, ikapata nafasi yake. Hupunguza albamu hadi karibu nusu bila kutupa hata biti moja. Viwango vyake, 0 hadi 8, havigusi sauti kabisa. Hubadilisha tu muda wa kubana na ukubwa wa faili, na cha 5, ambacho programu hutumia usipochagua kingine, kinatosha.

Faida yake kubwa imeonekana baadaye. Opus, mfumo mpya zaidi uliosanifishwa mwaka 2012, huishinda MP3 kwa biti zilezile, hasa zikiwa chache. Mwenye FLAC hutengeneza nakala za Opus za simu moja kwa moja. Mwenye MP3 za kilobiti 128 akizigeuza hupoteza mara ya pili. Hana budi kuirudia CD, ikiwa bado inasomeka.