Barcelona, Mji wa Kupokezana Kazi

Mji wa Barcelona uko upande wa mashariki wa nchi ya Hispania, kati ya vilima na bahari ya Mediteranea. Wenyeji wake husema Kikatalani, lugha yao wenyewe, nao huipenda kama sisi tupendavyo lugha za mama zetu. Wageni wengi huenda huko kwa ajili ya jua na pwani. Mimi nilivutwa na jambo lingine. Shuleni kwetu nafundisha habari za muziki, picha, ujenzi na uchongaji, nami nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi wa madarasa ya juu: «Mwalimu, fundi akifa, kazi yake hubaki mali ya nani? Je, ni halali mtu mwingine kuishika, kuiongeza, hata kuigeuza?» Swali hilo si la watoto. Wazee wetu nao hugombana juu yake kila mara kijana anapotia sauti mpya katika wimbo wa kale. Basi nikaona heri niutembelee mji ambamo mafundi wakubwa wamelijibu kwa mikono yao.

Jambo la kwanza aonalo mgeni ni minara ya kanisa la Familia Takatifu, ambalo Wakatalani huliita Sagrada Família. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 19 Machi 1882, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Aliyeanzisha wazo lake hakuwa mfalme wala askofu, bali muuza vitabu, Josep Maria Bocabella, naye alitaka lijengwe kwa sadaka za watu tu. Mjenzi wa kwanza, Francisco de Paula del Villar, alianza kanisa la chini, lililomo ndani ya ardhi, kisha akakosana na wenziwe juu ya kazi, akajiuzulu. Mwaka 1883 kazi ikakabidhiwa kijana wa miaka 31, Antoni Gaudí, mwana wa mfua shaba. Angalieni neno hili, maana wengi hulisahau: huyo Gaudí ambaye dunia humsifu kwa kubuni mambo mapya, yeye mwenyewe alipokea kazi iliyoanzwa na mwingine. Hakuubomoa msingi wa Villar. Alilikamilisha kanisa lile la chini, kisha juu yake akainua kitu ambacho Villar hangalikiota kamwe.

Alitumika hapo kwa miaka 43, naye alijua hataimaliza kazi. Kwa hiyo, badala ya kuinua kuta zote kidogo kidogo kwa usawa, aliukazania uso mmoja wa kanisa, ule wa Kuzaliwa kwa Bwana uelekeao mashariki, ili watakaomfuata waione nia yake kwa macho. Nimeutazama uso huo asubuhi, jua lilipoupiga. Jiwe limechipuka majani; ndege wamo, konokono wamo, na chini kabisa kobe wabeba nguzo migongoni mwao. Mnara mmoja tu, ule wa Mtakatifu Barnaba, ndio aliouona umekwisha, mwezi wa Novemba 1925. Tarehe 7 Juni 1926 aligongwa na tramu barabarani. Nguo zake zilikuwa kuukuu hata waliomwona walimdhani ni maskini asiye na kwao, na siku tatu baadaye akafa. Amezikwa katika kanisa lile la chini. Mwaka 2025 Papa Fransisko alimtangaza kuwa Mheshimiwa.

Miaka kumi baada ya kifo chake vita vya wenyewe kwa wenyewe vililipuka katika Hispania. Julai 1936 watu waliingia kanisani, wakachoma kanisa la chini na chumba cha kazi cha Gaudí. Michoro iliteketea, na mifano ya plasta aliyoitengeneza kwa subira ikapondwapondwa. Hapo ndipo kazi ingaliweza kufa. Lakini wanafunzi wake waliviokota vipande vile, wakavipanga, wakavipima, wakasoma ndani yake hesabu za mwalimu wao. Nguzo za ndani zilizotokana na hesabu hizo zasimama leo kama miti, zikigawanyika juu kuwa matawi. Mimi niliyelelewa karibu na misitu ya Maniema sikuhitaji mwongozaji wa kunieleza maana yake. Asubuhi madirisha ya mashariki hutia mwanga wa samawati na wa kijani. Jioni yale ya magharibi hugeuza msitu wote kuwa moto. Tarehe 7 Novemba 2010 Papa Benedikto wa 16 aliliweka wakfu kanisa hilo, ingawa ujenzi ulikuwa ukiendelea.

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe. Wachongaji wawili walipokea sehemu ya Gaudí, nao hawakufanana hata kidogo. Mmoja ni Mjapani, Etsuro Sotoo, aliyefika Barcelona mwaka 1978 akaomba kazi ya kuchonga mawe. Baadaye akabatizwa katika Kanisa Katoliki. Malaika wapigao kinubi na fidla katika uso wa Kuzaliwa ni kazi yake. Amesema mara nyingi kwamba haifai kumtazama Gaudí, ila yafaa kutazama kule ambako Gaudí alikuwa akitazama. Malaika wake ni wapole, tena wakaa mahali pao kana kwamba Gaudí mwenyewe aliwaweka.

Wa pili ni Mkatalani, Josep Maria Subirachs. Yeye alipewa uso wa Mateso, uelekeao magharibi. Kabla ya kuanza, mwaka 1987, alidai uhuru wake: asilazimishwe kumwiga Gaudí. Akachonga watu wenye pembe kali kama mbao zilizopasuliwa kwa shoka. Veronika wake hana uso. Askari wake wanatisha. Lo, jinsi alivyotukanwa! Wasomi na mafundi walimpinga hadharani, wakisema ameliharibu kanisa. Mimi namtetea. Gaudí mwenyewe alikuwa ameandika katika michoro yake kwamba uso huo uwe mkavu na wa kutisha, kwa nguzo zilizo kama mifupa, maana habari yake ni ya kifo. Mtu angeliweka pale maua na ndege, angekuwa amefuata mkono wa Gaudí na kuisaliti nia yake. Tena tazameni kando ya Veronika: yupo mzee mwinjilisti anayeandika, na sura yake ni ya Gaudí. Subirachs alikataa kumwiga, lakini alimchonga pale mlangoni ili kila mpitaji amjue.

Kutoka hapo nilishuka kwa miguu hadi Jumba la Muziki wa Kikatalani, lililojengwa na Lluís Domènech i Montaner kati ya 1905 na 1908 kwa ajili ya kwaya iitwayo Orfeó Català. Jumba lenyewe limejaa maua ya vigae na sanamu hata macho huchoka. Kwangu mimi lingependeza zaidi kwa nusu ya mapambo hayo. Lakini dari lake ni la ajabu: dirisha kubwa la vioo vya rangi lashuka katikati kama tone la asali linalotaka kudondoka. Nilikwenda hasa kwa sababu ya mtu mmoja aliyepiga humo, Pablo Casals, ambaye nampenda kuliko wanamuziki wote wa karne iliyopita.

Wakatalani humwita Pau. Alizaliwa mwaka 1876 katika mji mdogo wa El Vendrell, baba yake akiwa mpiga kinanda wa kanisa. Chombo chake kilikuwa selo, yaani fidla kubwa ishikwayo kati ya magoti. Alipokuwa na miaka 13, akitembea na baba yake karibu na bandari ya Barcelona, aliingia katika duka la karatasi kuukuu za muziki. Humo akakuta mifululizo sita ya selo peke yake, iliyotungwa na Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyekufa mwaka 1750. Wachache walioijua siku zile waliiona kuwa mazoezi tu, mikavu, isiyofaa mbele ya watu. Kijana yule akaipiga chumbani mwake kila siku, na kwa maneno yake mwenyewe ilipita miaka 12 kabla hajathubutu kupiga mmoja mzima hadharani. Aligundua nini? Bach aliijenga mifululizo hiyo juu ya ngoma za Ulaya ya kale. Baada ya utangulizi, kila kipande ni ngoma ya kuchezwa. Wengine walizipiga kama hesabu, Casals akaziacha zicheze. Kati ya 1936 na 1939 alizitia zote katika sahani za santuri, na tangu siku hizo hakuna mpiga selo anayejiona amekomaa bila kuzijua. Karatasi ilikuwa ya Bach, lakini bila miaka ile 12 ya chumbani ni nani kati yetu angeisikia?

Mtu huyo hakucheza kwa matajiri tu. Mwaka 1926 alisaidia kuanzisha chama cha wafanyakazi ili nao wasikilize muziki mkubwa kwa ada ndogo. Tarehe 18 Julai 1936 alikuwa katika jumba hili akifanya mazoezi ya Simfonia ya Tisa ya Beethoven. Amesimulia jinsi mjumbe alivyoingia na habari kwamba askari wameasi na kila mtu aende kwake upesi. Casals aliwauliza wapigaji na waimbaji kama waachane hivyo hivyo au wamalize kwanza. Wakamaliza, wakaimba juu ya undugu wa watu wote, kisha wakatawanyika. Baada ya vita alikaa ugenini, kwanza katika mji wa Prades huko Ufaransa. Alikufa Puerto Rico mwaka 1973, na mwaka 1979 mwili wake ukarudishwa El Vendrell.

Siku iliyofuata nilipanda kilima cha Montjuïc. Ipo pale nyumba ya vioo na marimari ya Mjerumani Mies van der Rohe, iliyojengwa mwaka 1929, ikabomolewa, ikajengwa upya na wengine na kukamilika mwaka 1986. Wataalamu huisifu sana. Mimi nilisimama zaidi mbele ya sanamu ya Georg Kolbe iliyo ndani yake, kisha nikapita.

Nilikuwa na haraka ya kufika katika jumba kubwa la makumbusho, kuona picha zilizotoka katika makanisa madogo ya milima ya Pirenei. Iliyo bora ni ile ya kanisa la Mtakatifu Klementi la Taüll, lililowekwa wakfu mwaka 1123. Yezu Kristu ameketi katika utukufu, macho yake makubwa yakikufuata, na karibu naye yupo Mwanakondoo mwenye macho saba. Mistari ni michache, rangi ni nzito, wala hakuna kivuli. Zilifikaje mjini? Karibu na mwaka 1919 wafanyabiashara wa kigeni walianza kuzinunua picha za namna hiyo na kuzipeleka ng'ambo. Wakuu wa makumbusho wakawaita mafundi wa Kiitalia, ambao walibandika kitambaa kwa gundi juu ya ukuta, kikakauka, wakakivuta pamoja na rangi yote, wakakizungusha na kukishusha milimani. Jina la mchoraji halijulikani; huitwa tu Fundi wa Taüll. Lakini Joan Miró, mzaliwa wa Barcelona, alizipenda picha hizo tangu utoto, na macho yale yatawanyika katika kazi zake zote, kama mtakavyoona katika nyumba yake ya sanaa iliyo kilimani hapo hapo.

Pablo Picasso naye alizitazama mwaka 1934. Alikuwa ameletwa Barcelona mwaka 1895, akiwa na miaka 13, baba yake akiwa mwalimu wa kuchora. Katika makumbusho yake ya barabara ya Montcada nimeona alivyomshughulikia mzee Velázquez. Mwaka 1656 Velázquez alichora binti wa mfalme pamoja na wajakazi wake. Mwaka 1957 Picasso alijifungia miezi kadhaa akaichora tena picha hiyo mara nyingi, akiipindua na kuivunja, mara kwa heshima, mara kwa mzaha. Nyingine zanichosha, lakini hakuna awezaye kusema kwamba hakumtaja mwenye kazi.

Hapo ndipo moyo wangu ulipochomwa. Mwaka 1907, katika makumbusho moja ya Paris, Picasso huyo huyo aliona vinyago vya Afrika, na mwaka huo akachora wanawake watano, picha iliyobeba jina la barabara ya Barcelona iitwayo Avinyó. Nyuso mbili za upande wa kulia zina ukali wa vinyago. Picha hiyo iligeuza uchoraji wa Ulaya yote. Bach alitajwa, Gaudí alichongwa mlangoni, Velázquez aliandikwa ukutani. Waliochonga vinyago vile, majina yao hayakuandikwa popote. Waliovichukua hawakuuliza, ingawa vijijini yalijulikana.

Tena si jambo lisilowezekana kuuliza. Kwetu, katika nchi ya Waluba karibu na mto Lualaba, mchongaji mmoja wa karne ya 19 alifanya viti vya watawala vibebwavyo na mwanamke mwenye uso mrefu na mikono mipana, ambavyo vimetawanyika katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mbelgiji Frans Olbrechts alitambua kwamba vyatoka katika mkono mmoja, akamwita Fundi wa Buli, kwa jina la kijiji. Baadaye ndipo likasikika jina la Ngongo ya Chintu. Lilikuwa bado likikumbukwa huko nyumbani.

Jumapili, kabla ya kusafiri, nilisali Misa katika kanisa la chini la Sagrada Família, hatua chache kutoka kaburi la Gaudí. Huko hakuna tiketi. Ni parokia ya mtaa, wazee na watoto. Juu yao uso wa tatu, ule wa Utukufu, ulikuwa bado unajengwa. Mlango wake wa shaba upo tayari, umechongwa na Subirachs, ambaye alifariki mwaka 2014, nao una sala ya Baba Yetu pamoja na ombi la mkate wetu wa kila siku kwa lugha 50.