Remmy hakungoja

Mwezi huu nimeomba nafasi kidogo niwaandikie juu ya mwanamuziki mmoja wa kwetu. Sababu ni neno ninalolisikia sana humu kambini: "Tutaanza tukifika."

Tukifika wapi? Wengine wanasema Kanada, wengine Marekani. Wengine wanasema nyumbani, ng'ambo ya petite barrière, ambako asubuhi mawingu yakiondoka tunaona mlima wetu Nyiragongo.

Kijana aliyekuwa anapiga besi katika kikundi chetu cha shule naye alisema hivyo hivyo. Besi yetu si ya dukani. Ni ndoo, mti na waya wa breki ya baiskeli, lakini inaunguruma vizuri, na ikikosekana wachezaji hawajui pa kukanyaga. Akaniambia, "Mwalimu, nijifunze ya nini? Kesi yetu iko mbele, tunangoja simu tu. Huko nitanunua gitaa la kweli." Nikamuuliza, "Mdogo wangu, unamjua Remmy?" Hakumjua. Mzee mmoja jirani yetu alicheka sana, maana yeye alicheza nyimbo za Remmy mpaka viatu vikaisha.

Basi nawaeleza na ninyi.

Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Wakati ule Kindu ilikuwa ndani ya jimbo la Kivu, kwa hiyo ni mtu wa kwetu kabisa. Baba yake, ambaye naye alikuwa mtu wa muziki, alikufa mwaka 1953. Mama yake alikufa mwaka 1964, mwaka ule ule waasi wa Simba walipoingia Kindu. Kijana wa miaka kama 17, hana baba, hana mama. Akatafuta riziki kwa ngoma na gitaa, bendi hii na ile, Kongo na baadaye Uganda.

Mwaka 1978 akafika Dar es Salaam. Nisiwadanganye, yeye hakukimbia vita kama sisi. Aliitwa na mjomba wake, Mzee Makassy, aje kupiga katika Orchestra Makassy. Lakini alifika mgeni, na mji ulishajaa wanamuziki. Kulikuwa na bendi ya chama cha wafanyakazi, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz. Mlimani Park ilianza mwaka huo huo wa 1978. Wakongo wenzake wa Orchestra Maquis nao walikwisha kuota mizizi.

Kisha Makassy akahamia Nairobi. Remmy akabaki, akaingia Orchestra Matimila. Hapa ndipo nataka vijana wasikilize. Vyombo havikuwa vyake. Gitaa, besi, spika, vyote vilikuwa mali ya mfanyabiashara mmoja. Ndivyo muziki wa dansi ulivyokuwa Dar: mwenye vyombo ni tajiri au shirika, mpigaji ana vidole vyake tu. Wala nchini hakukuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, wimbo ukasikika nchi nzima, na mfuko wa mwanamuziki ukabaki vile vile.

Remmy hakusema, nitaimba nikipata gitaa langu. Aliimba na vyombo vya mtu, kwa Kiswahili, juu ya mambo ya watu aliowakuta: kifo, umaskini, mnyonge asiye na wa kumsemea. Watu wakamwita Daktari.

Mwaka 1988 akaitwa Ulaya na tamasha la WOMAD. Mwaka 1989 akarekodi Uingereza albamu ya Songs for the Poor Man, yaani nyimbo za maskini. Mwaka 1990 akaimba "Mambo kwa Soksi", akihimiza watu kutumia kondomu wakati ukimwi unaua. Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Watu wakaucheza hivyo hivyo.

Miaka ya mwisho aliimba injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Huko Sinza, alikokaa, kuna kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy. Yule mgeni kutoka Kindu! Watu ambao hawakumwona hata siku moja wanashuka kwake kila siku.

Sisemi tusingoje simu. Hata jina langu liko kwenye orodha. Lakini mwaka wa kungoja nao unahesabika katika umri wa mtoto. Aliyeingia hapa na miaka 12, akingoja mitano, ana 17, sawa na Remmy alipobaki yatima. Hatarudishiwa hiyo mitano huko Kanada.

Najua wazazi wengine wanaona muziki ni uhuni. Sawa, basi iwe kushona, iwe hesabu, iwe kusoma na kuandika. Lakini ianze hapa.

Yule mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema asante mwalimu. Jumamosi iliyofuata hakuja. Simlaumu, kungoja kunachosha mwili.

Mazoezi ni kila Jumamosi saa tisa mchana, nyuma ya darasa la nne. Wazazi, tunawaomba muwaruhusu watoto, wasichana pia. Ngoma ina mtu, kayamba ina watu watatu wanaogombana. Besi bado haina mtu. Atakayefika kwanza tutamfundisha, na mwenyewe akirudi watapokezana.