Uvira: kutazama madaraja kwa upande wa chini

Safari ya juma hili haihitaji pasipoti. Ni ile barabara ya taifa namba 5, kutoka mpakani Kavimvira, kupitia katikati ya Uvira, hadi bandari ya Kalundu. Ukielekea kusini, mkono wa kulia una milima ya Mitumba, mkono wa kushoto una Ziwa Tanganyika. Mji umebanwa katikati kama mkanda kiunoni. Kila mto unaoshuka mlimani lazima ukate barabara kabla ya kufika ziwani, na kila mahali unapokata, panahitajika daraja.

Taximoto inavuka Mulongwe kwa nukta chache tu. Mimi nilishuka, nikalipa, nikateremka ukingoni kwa miguu. Wakati wa kiangazi maji hayafiki hata gotini. Wamama wanafua, nguo zinaanikwa juu ya mawe, watoto wanarushiana maji. Mgeni angeuliza daraja kubwa hivi ni la nini. Jibu ni yale mawe ya kuanikia nguo. Mengine ni makubwa kama sufuria ya harusi, na hakuna mtu aliyeyabeba kuyaleta pale. Yaliletwa na mto.

Aprili 2020, tarehe 16 kuamkia 17, Uvira iliona jinsi mto unavyobeba. Mvua ilinyesha milimani, Mulongwe ukashuka na matope, miti na mawe, ukatoka njia yake na kuingia nyumbani mwa watu. Makumi ya watu walikufa, nyumba maelfu zilibomoka. Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwako, sina la kuwaongezea.

Lakini nataka tuangalie kitu kimoja ambacho hatukizungumzii sana. Daraja tunalitazama juu: je, lina kingo za kushikilia, lina mashimo, lori litapita? Ugonjwa wa daraja kwa kawaida huanzia chini. Maji yanayokwenda kasi yakikutana na nguzo huzunguka mbele yake na kuchimba mchanga kwenye mguu wake, kama kuku anavyochimba kwenye shina la mgomba. Mafuriko yakipungua, mchanga mpya hushuka na kulifunika shimo. Asubuhi unaona nguzo imesimama vizuri, kumbe usiku ilikuwa imening'inia. Ndiyo maana mafundi hupeleka msingi chini sana, kupita kina ambacho maji yanaweza kuchimba, na kuzungushia nguzo mawe mazito au vikapu vya waya vilivyojazwa mawe.

Upo pia ugonjwa wa kinyume, na huo ndio wa kwetu zaidi. Badala ya kuchimba, mto unajaza. Tanganyika ina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Maji mengine mengi, zaidi ya yale ya Lukuga, yanapanda juu kwa jua. Miaka ya mvua nyingi ziwa linapanda na halina haraka ya kushuka. Mwaka 2021, na tena 2024, lilifika kimo ambacho wazee walikuwa hawajakiona tangu miaka ya 1960, likaingia katika kartie za ufukweni na bandarini. Sasa fikiria mto unaoteremka kwa kasi na kukuta ziwa limesogea juu. Unapunguza mwendo, na ukipunguza mwendo unatua mzigo. Mchanga na mawe vinajaa karibu na daraja, sakafu ya mto inapanda, na nafasi chini ya daraja inapungua. Daraja halijasogea hata kidogo, lakini limekuwa fupi. Mafuriko yajayo yatakuta mlango mdogo, miti itakwama, maji yatazunguka pembeni na kula barabara kwenye maungio.

Halafu kuna mawimbi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini una njia ndefu ya kukimbia juu ya ziwa hili lenye urefu wa kilomita zaidi ya 600, na kadiri unavyokimbia ndivyo wimbi linavyokua. Wavuvi wa ndagala wanajua. Ni nini wimbi linaweza kulifanyia daraja? Mfano ulio wazi uko mbali, Marekani, lakini nao ni wa ziwani. Karibu na New Orleans, madaraja mawili pacha yalivuka Ziwa Pontchartrain, yakiwa mita chache tu juu ya maji. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipandisha ziwa hadi karibu na sakafu za madaraja. Mawimbi yakapiga kwa chini, hewa iliyonaswa kati ya mihimili ikasaidia kusukuma, na vipande vya betoni vya zaidi ya tani 200 kila kimoja vikanyanyuliwa. Vingine vilisogezwa, vingine vilianguka majini. Vilikuwa vimekaa juu ya nguzo kwa uzito wake tu, bila kufungwa kwa nguvu ya kutosha. Daraja jipya liliinuliwa hadi kama mita 9 juu ya maji.

Kufunga sakafu na nguzo kunatuhusu kwa sababu nyingine pia. Mwaka huohuo wa 2005, tarehe 5 Desemba, tetemeko la 6.8 lilitikisa ziwa letu na kubomoa nyumba Kalemie. Tetemeko nalo husogeza sakafu ya daraja, na sakafu isiyofungwa inaweza kutoka juu ya nguzo na kuanguka.

Nikiwa bado ukingoni nilimkuta mama mmoja akiponda kokoto chini ya mwavuli uliochanika. Nilimsalimia, nikamwuliza kama hawafukuzwi.

“Wanatufukuza, tunarudi,” alisema. “Mwanangu, mto unatuletea bure. Haya mawe yamesomesha watoto wangu wanne.”

“Na daraja, mama?”

Alinyoosha nyundo kuelekea kwenye nguzo. “Pale sichimbi. Wanaochimba pale ni vijana wa usiku, na lori linawasubiri.”

Kwa maoni yangu mama huyu ana akili kuliko amri ya kufukuza watu wote. Kutoa mawe katikati ya mto, mahali palipojaa na mbali na daraja, kunaweza kulifungulia daraja mlango wake. Kuchimba kwenye mguu wa nguzo au wa ukuta wa pembeni ni kuliua. Tofauti hiyo inahitaji fundi wa kuipima, alama za rangi zinazoonekana, na mkuu wa kartie asiyepokea kitu kutoka kwa mwenye lori.

Nilipanda tena pikipiki, tukavuka Kalimabenge na kuendelea hadi Kalundu. Nikahesabu ishara ambazo yeyote anayebeba mzigo kichwani anaweza kuziona: ufa kati ya lami na daraja, barabara iliyozama kidogo kwenye maungio, gogo lililokwama, msingi uliokuwa umefunikwa na sasa unaonekana. Ukiona mojawapo, mwambie mkuu wa kartie siku hiyohiyo, na mwende wawili au watatu. Mvua za kwanza hushuka Septemba.