Kompyuta ya kazi nzito: nani apewe kitanda kwanza?

Nimepotea kidogo, zamu za usiku zilinibana. Leo naleta mada ya kompyuta. Msishangae, manesi nasi tuna la kusema.

Mdogo wangu, ninayeishi naye hapa Bertrams, jirani na uwanja wa Ellis Park, anachora nyumba za wateja kwa programu ya Blender. Mpe ramani, atakutolea picha utadhani nyumba imeshajengwa. Shida ni kwamba kompyuta yake ya mapajani ilikuwa "ikipika" picha moja usiku kucha. Tukaamua kutafuta ya mezani, ya kazi nzito. Bajeti randi 20,000, na mfuko ni huo huo unaolipa ada ya mdogo wetu wa mwisho kule Tanga.

Jamaa akaja na orodha ya ndoto: prosesa ya Threadripper 3970X yenye viini 32, na kadi ya picha RTX 3090. "Dada, ukinunua hii umemaliza!" Kweli ningemaliza, mpaka mshahara.

Hospitalini huku wagonjwa wa dharura tunawapanga kwa rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani. Hatangulii anayepiga kelele sana, anatangulia aliye hatarini zaidi. Nikamwambia tupange vifaa hivyo hivyo. Kipi kikipungua kazi inakufa, na kipi kikipungua kazi inachelewa tu?

Nyekundu ya kwanza: memori ya kadi ya picha. Kadi ndiyo inayopika, na nyumba nzima pamoja na miti, vioo na makochi inatakiwa ienee kwenye memori yake. Isipoenea, upishi unakwama au unakwenda mwendo wa kobe. Hapo ndipo watu wanapopigwa chenga na majina: RTX 3070 ina kasi kuliko RTX 3060, lakini ina GB 8 tu, wakati 3060 ipo ya GB 12. Tukachukua 3060 ya GB 12 iliyotumika. Tutasubiri zaidi, ila itamaliza.

Nyekundu ya pili: umeme. Mwaka 2023 mgao hapa ulifika mpaka daraja la 6. Tangu Machi 2024 ulipumzika, ukarudi siku chache chache mwaka 2025. Lakini waya wa mtaani ukiungua au ukiibwa, giza ni lile lile. Sasa piga hesabu. Threadripper ile imeandikiwa wati 280 na RTX 3090 wati 350, jumla 630. Zikifanya kazi kwa nguvu zote saa 10, ni uniti 6.3 za umeme wetu wa kulipia kabla, kama LUKU ya nyumbani. Mashine tuliyochukua ni wati 140 za prosesa na 170 za kadi: uniti 3.1. Na UPS ya kubeba mzigo huo inanunulika. Haimalizii kazi, inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima kwa adabu.

Njano: prosesa na RAM. Tulinunua HP Z440 iliyotoka ofisini, mtindo wa 2014, yenye Xeon E5-1650 v4 ya viini 6 na RAM GB 64 za ECC, ile inayosahihisha kosa la biti moja yenyewe. Kwa picha za nyumba ECC si lazima, ilikuja na mashine tu, na RAM mpya ilipanda bei vibaya mwishoni mwa 2025. Ubaya wake upo pia: pawa saplai yake si ya kawaida, huwezi kuokoteza yoyote dukani. Windows 11 haiikubali rasmi prosesa hiyo, na huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha Oktoba 2025. Kwa hiyo jamaa yuko kwenye Linux, na Blender inakwenda vizuri tu.

Kijani: taa za rangi na kasha la kioo. Hao warudi nyumbani wakanywe maji.

Lakini msidhani tumeshinda kila kitu. Wiki jana mteja alitaka video ya dakika 2. Kwa picha 24 kila sekunde hizo ni picha 2,880. Kila moja ikichukua dakika 3, ni saa 144, yaani siku 6 bila kuzima. Mteja alitaka kwa siku 3. Jamaa akaikataa kazi, na siku ile hakuniongelesha mpaka usiku. RTX 3090 pengine ingeiwahi.

Ada ya Tanga imelipwa lakini. Na amejifunza kutoa video kama picha moja moja badala ya faili moja refu, umeme ukikatika anapoteza picha moja tu, anaendelea alipoishia.

Wenye ujuzi, nyie mngepunguza wapi? Semeni naye, maana mimi ananiona bahili. Zamu inaniita, alamsiki.