Mlinzi wa Ghala: Siku Ishirini katika Nyumba ya Lebanoni

Wengi wetu tumelijua jina la Lebanoni tangu utotoni kwa ajili ya mierezi yake inayotajwa katika Maandiko. Mimi nami sikujua zaidi ya hayo mpaka Septemba 2022, rafiki yangu mmoja, mwana wa nchi ile ambaye tulifanya kazi pamoja Nairobi, aliponialika nikakae kwao siku ishirini. Nataka kuwaeleza habari za jiko la nyumba ile, na za mkaazi mmoja wa ghalani ambaye sikuarifiwa mapema kwamba yupo.

Kutoka Beirut tulishika barabara ya kwenda Damascus, tukapanda mlima hata masikio yakaziba, kisha tukateremkia bonde la Beqaa, lenye mashamba ya ngano, viazi na mizabibu pande zote. Kijiji chao kiko juu kidogo ya mji wa Zahle. Nyumba ni ya mawe, kuta zake nene mno, na juu yake hakuna mabati wala vigae bali sakafu ambayo mtu aweza kutembea. Mwenye nyumba ni nyanya yake rafiki yangu. Watu wote humwita Teta, ndiyo kusema Nyanya, nami nikamwita vivyo hivyo.

Asubuhi ya kwanza niliitwa juu ya nyumba. Ngano iliyokwisha kuchemshwa katika sufuria kubwa ilikuwa imeanikwa juani, na kazi yangu ilikuwa kuigeuza na kufukuza ndege. Ikikauka hupelekwa kinuni kupasuliwapasuliwa, ndipo huitwa burghuli. Iliyo laini huwekwa mbali, na iliyo nene hupikwa kama wali. Sehemu nyingine huchanganywa na mtindi na chumvi, hukandwa kila siku kwa muda wa siku kama tisa mpaka ichachuke, kisha huanikwa, hufikichwa kwa viganja na kuchekechwa iwe unga. Unga huo ni kishki. Wakati wa theluji hupikwa uji mzito wenye vitunguu saumu na nyama iliyohifadhiwa katika mafuta yake. Mimi niliuonja, nikakumbuka uji wetu uliochachuka, nikaomba bakuli la pili.

Siwezi kutaja vyakula vyote. Kuna labne, ambayo ni mtindi uliotundikwa katika kitambaa mpaka maji yote yatoke, ukafinyangwa vidonge na kutiwa katika chupa za mafuta ya zeituni. Kuna tabule, ambayo wageni hudhani ni chakula cha burghuli, kumbe ni majani yaliyokatwa laini, yafananayo na dania, pamoja na nanaa, nyanya, ndimu na burghuli kidogo tu. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kibe: nyama isiyo na mafuta hupondwa pamoja na burghuli laini katika kinu cha jiwe. Teta ana mashine ya umeme, ila umeme wenyewe huja kwa saa chache tu, naye asema tena kwamba mashine huiharibu nyama. Basi alinipa mchi. Nilipoanza kutwanga alicheka, akamwambia mjukuu wake kwamba huyu mgeni amelelewa vizuri.

Akiba hii yote huitwa muneh, na msomaji asidhani ni desturi ya kizee tu. Tarehe 4 Agosti 2020 bandari ya Beirut ililipuka, watu zaidi ya 200 wakafa, na maghala makubwa ya nafaka yaliyokuwa hapo, yenye nafasi ya tani 120,000, yakabomolewa. Fedha nayo ilikuwa imekwisha kuanguka: dola moja iliyokuwa lira 1,507 kwa miaka mingi, nilipofika ilikuwa imepita lira 30,000. Vita vya Ukraine, ambako ngano yao nyingi ilitoka, vilizidisha taabu. Nilipita mijini nikaona watu wamepanga foleni ya mkate. Ghala la Teta lilikuwa limejaa.

Siku ya tano alinituma ghalani nilete bakuli la burghuli. Nikaona juu ya gunia kamba nyeusi yenye kung'aa, nayo ikajikunja. Nilishika sepetu iliyokuwa mlangoni, nikaiinua. Ghafula binti wa miaka saba akaning'inia mkononi mwangu akipiga kelele, "La! La!" Teta akaja bila haraka, akapiga sakafu kwa mguu, na nyoka yule, aliyepita urefu wa hatua mbili, akaingia katika ufa wa ukuta kama maji yaingiavyo mchangani.

Huyo ndiye Haris, yaani Mlinzi. Ni wa jamaa waitwao hanash, nyoka weusi wasio na sumu, ijapokuwa wakishikwa huuma. Hafungwi wala halishwi. Huwekewa maji tu, maana Teta hawaamini wasemao kwamba nyoka hunywa maziwa. Riziki yake ni panya. Niliuliza habari za paka. Wapo, lakini paka haingii katika nyufa za mawe.

Mama wa binti yule, mke wa mwana mdogo wa Teta, alifika kutoka Beirut baada ya mlipuko, madirisha ya nyumba yake yote yamevunjika na yeye mwenyewe akishtuka kwa kila sauti. Akalia kwamba hawezi kulala nyumba moja na nyoka. Ni nani angemkatalia? Haris akatiwa gunia, akaenda kuachwa mbali. Nyoka hulala wakati wa baridi, lakini panya wa Septemba ndio wazazi wa panya wa Desemba. Mwaka ule magunia mawili ya burghuli yalitobolewa, na kishki yote ikatupwa kwa kuchafuliwa. Masika yalipofika nyoka mweusi alionekana tena katika ufa ule ule. Kama ni yule wa kwanza au mwingine, hakuna aliyeuliza.

Simshauri msomaji afanye hivi kwake. Nchi yetu ina swila na moma, na huko nako wapo nyoka wenye sumu kali. Teta huwatambua kwa kichwa na madoa tangu utoto, nao hawaachi hai karibu na nyumba.

Mkwe wake bado anaogopa, wala hafichi. Asubuhi ya kuondoka kwangu nilimwona akijaza maji katika bakuli la Haris na kuliweka kizingitini. Akagonga mlango wa ghala kwa mwiko mara tatu, akangoja kidogo, akaingia kunichukulia mfuko wa kishki wa kupeleka nyumbani.