Gitaa la Uvungu

Magitaa ya umeme ni ya namna mbili. Namna moja kiwiliwili chake ni ubao mzito usio na nafasi yoyote ndani. Namna ya pili ina uvungu kama wa udi, na usoni pake pamekatwa matundu mawili membamba yaliyopindwa kwa mfano wa herufi f. Lile la kwanza ndilo lililozoeleka majukwaani siku hizi. Hili la pili limekuwa nadra, na aghalabu walio nalo ni wazee au warithi wa wazee. Juu ya hili la pili ndipo ninapotaka kusema, maana si muda mrefu niliombwa kulitolea moja hukumu katika mtaa wa Tandika, Temeke, na hukumu yenyewe haikuwa ya starehe: ada ya binti katika chuo cha uuguzi ilikuwa ikiingoja.

Asili ya chombo hiki ni Marekani. Kampuni ya Gibson ilianza kuuza gitaa la uvungu lenye umeme mwaka 1936, na kijana mmoja aliyeitwa Charlie Christian, aliyefariki mwaka 1942 hata miaka thelathini hajatimiza, akaudhihirishia ulimwengu kwamba gitaa laweza kusimama mbele ya tarumbeta na kusikika. Kabla ya hapo mpiga gitaa katika bendi kubwa alikuwa mtu wa kuonekana kuliko kusikiwa. Katika Kongo, Mbelgiji Bill Alexandre ndiye anayetajwa kuwa alilipeleka gitaa la umeme Léopoldville, mji uitwao sasa Kinshasa, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huku kwetu bendi za dansi zilikuwako tangu zamani, kwani Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932. Walakini ni katika miaka ya 1950 na 1960 magitaa ya umeme yalipoushika usukani wa dansi. Michael Enoch, aliyekuja kuwa kiongozi wa Mlimani Park, alipata sifa zake za awali kwa gitaa la solo katika Dar es Salaam Jazz. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alilipigia gitaa lake hata Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970.

Msomaji asiyecheza dansi ni lazima aelezwe jambo moja, la sivyo yafuatayo hayatamwingia akilini. Katika dansi letu gitaa halipigwi peke yake. Liko la solo, liko la pili linalolijibu solo, liko la rithimu, na liko la besi chini yao wote. Kila mmoja ana maneno yake mafupi ayarudiayo, wala hakuna hata mmoja ambaye maneno yake yakitolewa pekee yanatosha kuitwa wimbo. Husukana kama ukili wa mkeka. Waimbaji wamalizapo beti zao za taratibu na wimbo kuingia katika chemko, hapo ndipo msuko huo unapokazwa, na mchezaji aliyeketi huinuka bila kujua nani kamwinua. Kwa hiyo anayetaka kulipima gitaa la dansi kwa kulipiga peke yake chumbani ni kama anayepima kafi bila kuingia majini.

Sasa tutazame jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Wapigaji huiita pikapu, jina moja na lile la gari la mizigo, nami nimekwisha kuona mgeni akitazama barabarani alipoambiwa pikapu imeharibika. Uzi wa chuma utikisikapo juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, nao hupelekwa kwenye amplifaya ukakuzwa. Hata hapa magitaa yote mawili ni sawa. Tofauti ni kwamba katika gitaa la uvungu uso wenyewe ni ubao mwembamba, nao hutikisika pamoja na uzi na kuunyang'anya sehemu ya nguvu zake. Matokeo yake sauti huchomoza upesi, ikiwa nono na ya joto, kisha hufa upesi. Wapigaji wa nchi nyingine hulihesabu jambo hilo kuwa ni upungufu, kwa kuwa wao hupenda noti ivutwe mpaka mwisho wa pumzi. Kwa dansi letu mimi naliona kuwa ni fadhila. Noti ifayo mapema humwachia mwenziwe nafasi. Magitaa matatu yenye sauti zisizokwisha yakisukana hayatoi mkeka, hutoa uji.

Adui wa gitaa hili ni makelele. Spika ikipigishwa kwa nguvu, mvumo wake huutikisa ule uso mwembamba. Uso huzitikisa nyuzi. Nyuzi huirudishia pikapu sauti ile ile, nayo huipeleka tena kwenye spika. Mzunguko huo ukishaanza, gitaa hunguruma lenyewe bila kuguswa na mkono. Gibson walitafuta dawa mwaka 1958 kwa kupitisha gogo katikati ya uvungu, na gitaa la B. B. King lililotolewa kwa jina la Lucille mwaka 1980 liliundwa bila yale matundu ya usoni. Wapigaji wetu walikuwa na dawa zao. Nilipochungulia ndani ya gitaa la Tandika kwa tochi niliona nguo imeshindiliwa, nikaivuta kwa kijiti kupitia tunduni kidogo kidogo, ikatoka nusu ya khanga iliyopauka. Mama mwenye nyumba akaishika, akaigeuza, akasema, "Mwanangu, hii niliilaani kamba na majirani."

Marehemu mumewe alikuwa mpiga rithimu. Yafaa ikumbukwe kwamba katika siku zake vyombo vya bendi nyingi havikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Mlimani Park iliingia mikononi mwa shirika la maendeleo la mji, DDC, mwaka 1983. Mpigaji aliyehama bendi aliliacha gitaa ukutani akaondoka na vidole vyake. Ndiyo maana mtu aliyejinunulia gitaa lake mwenyewe alikuwa kama aliyejenga nyumba, na mama yule hakutia chumvi aliponiambia kwamba gitaa lile lilinunuliwa kabla ya kitanda.

Nililikagua kwa utaratibu. Nililiinua nikatazama shingo kwa jicho moja, kama seremala atazamavyo ubao, nikaiona imenyooka. Nilibana kila uzi mbele ya kila chuma kilichopandwa shingoni, nikisikiliza kama kuna mahali unapokwaruza. Palikuwa na mahali pawili, karibu na kichwa, ambapo chuma kimeliwa na miaka ya rithimu. Kisha nikapima daraja. Uzi wa tano ukiachwa wazi hutikisika mara 110 kwa sekunde, na ukibanwa kwenye chuma cha kumi na mbili, yaani katikati kabisa, sharti utikisike mara 220. Ukizidi au ukipungua, daraja limekaa pasipo pake na gitaa litasema uongo kila mkono upandapo juu. La Tandika lilisema kweli. Kisha nikagonga uso kwa kidole, hapa na pale, kusikia kama mbavu za ndani zimebanduka. Zote zilijibu isipokuwa moja, na kando yake palikuwa na ufa mrefu wa kiganja uliozibwa kwa gundi na kukazwa kwa kipande cha mninga. Kazi hiyo ilifanyika Keko, kwa mafundi wa makabati na vitanda, nayo ilikuwa safi kuliko nilivyotazamia. Pikapu moja haikuwa ya asili. Waya zake zililehemiwa na fundi wa redio. Vigingi vya kukazia nyuzi vilikuwa vya namna mbili, vitatu kwa vitatu.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mnunuzi aliyekwisha kutokea alikuwa mtu wa kukusanya magitaa ya kale, na watu wa namna hiyo wana kipimo chao: chombo kiwe kama kilivyotoka kiwandani. Kila kigingi kilichobadilishwa hupunguza bei, na ufa uliozibwa huipunguza zaidi. Simlaumu. Yeye ananunua kumbukumbu ya kiwanda, na katika kumbukumbu hiyo seremala wa Keko ni mdudu aliyeingia. Lakini katika miaka ya mwisho ya 1970 na miaka ya 1980, nchi ilipokosa fedha za kigeni, kigingi cha asili kingetoka wapi? Nyuzi zilizochakaa zilichemshwa sufuriani zitoe jasho la vidole zirudi kupigwa. Gitaa lisilotengenezwa miaka ile lilinyamaza. Kwa kipimo cha mkusanyaji, basi, gitaa lililonyamaza lilikuwa na thamani kuliko hili lililofanya kazi. Hesabu hiyo ni sahihi sokoni, nami sikuweza kuikubali iwe ndiyo hesabu ya pekee.

Nilimwomba mama ruhusa nikalichukua mpaka Kinondoni, mtaa uliopata kulea bendi nyingi, ambako kuna vijana wafanyao mazoezi uani mwa nyumba moja kila Jumanne. Daladala lilikuwa limejaa, nikalipakata gitaa kama mtoto mgonjwa. Mpiga rithimu wao alilitia nyuzi mpya, akarudisha ile khanga ndani, akasimama upande na spika yake ili isilitazame uso kwa uso. Wimbo wa kwanza lilinguruma, wakapunguza sauti za chini katika amplifaya. Wimbo wa pili sauti yake ilipotea chini ya kinanda. Wimbo wa tatu kiongozi wao alimnyamazisha mpiga kinanda, nao walipoingia katika chemko nilisikia kitu ambacho sikukisikia kwao Jumanne zilizopita: nafasi kati ya noti na noti. Mpiga solo alianza kupiga machache. Sina hakika kwamba yeye mwenyewe alitambua. Lakini sitaficha kwamba kwenye jukwaa la wazi la harusi, penye spika ndefu kuliko mtu na ngoma za mashine, gitaa lile lingeshindwa vibaya. Ni chombo cha ukumbi wa watu mia mbili na wapigaji wanaosikilizana.

Nilimwandikia mama karatasi yenye bei mbili, moja ya mkusanyaji, baada ya makato yote, na moja ya mpigaji, nikaeleza sababu za kila moja. Ya mpigaji ilikuwa ndogo kidogo, kwa kuwa wapigaji hawana fedha. Akaisoma na shemeji yake. Mkusanyaji alipokuja alitazama matundu, akatazama vigingi, akapiga picha, hakuomba kulisikia, akapunguza zaidi ya nilivyokisia. Vijana wa Kinondoni walileta nusu ya bei yao siku nne kabla ya chuo kufunguliwa, na iliyobaki wakaahidi kuilipa kwa mafungu matatu, kwa maandishi, mbele ya mjumbe wa mtaa.

Binti amekwisha kuingia mwaka wa pili. Fungu la tatu bado halijalipwa, na kila mwezi mama hunituma nikawakumbushe. Nami nikifika huwa siwaambii mpaka wamalize mazoezi.