Mtoto Alichoka

"Mtoto alichoka." Hilo ndilo jibu pekee alilopewa mdogo wangu alipouliza kwa nini mwanawe hakulia alipozaliwa. Miezi ikapita, shingo haikukaza, miguu ikakakamaa, na kliniki ikatamka kwamba ni mtindio wa ubongo. Alichoka tangu saa ngapi? Nani alikuwa akisikiliza mapigo ya moyo wake? Hakuna aliyemweleza.

Kumsindikiza kwenye mazoezi ya viungo vya mtoto kumenifunza kuwa hospitali ikinyamaza, watu husema. Ukweni walitaja laana. Jirani alidai mdogo wangu alikunywa dawa za kienyeji. Lililoniumiza zaidi alilisema mwenyewe, akimlisha mwanawe uji: "Dada, labda sikusukuma vizuri."

Ilhali shahidi angekuwepo. Mwaka 1972 watafiti Philpott na Castle walichapisha kazi waliyoifanya Harare, wakati huo ikiitwa Salisbury, wakawapa wakunga patografu: karatasi moja ya kuchora jinsi njia inavyofunguka na mapigo ya moyo wa mtoto yanavyokwenda. Ilikuwa na mistari miwili. Ukivukwa wa kwanza, mama aliye zahanati apelekwe hospitali kubwa. Ukivukwa wa pili, uliowekwa saa nne mbele, hatua ichukuliwe. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilileta karatasi mpya isiyo na mistari hiyo, ila wajibu wa kupima na kuandika kwa wakati umebaki palepale. Karatasi inayojazwa baada ya mtoto kutoka, jambo ambalo hutokea, haijamlinda yeyote.

Sidai kwamba kila mtindio wa ubongo ni uzembe. Daktari Little wa London aliuhusisha ulemavu huu na uzazi mgumu mwaka 1861. Freud, yuleyule wa mambo ya nafsi, akajibu mwaka 1897 kuwa pengine tatizo lilianza tumboni. Leo tunajua yapo pia maambukizi ya ujauzito, kuzaliwa njiti, na manjano kali isiyotibiwa. Ndiyo maana kila mtoto anahitaji kutafutiwa jibu lake. Na mkunga aliyeachwa peke yake usiku na leba imejaa, huenda kosa ni la waliompanga hivyo. Hilo nalo mama aambiwe. Nawaheshimu wakunga, na naamini ukweli ungewalinda wengi wao.

Mdogo wangu hajaomba fidia. Anataka mtu aliyekuwa zamu, au mkubwa wake, akae naye, afungue faili, amsomee saa kwa saa. Mpaka sasa anaambiwa faili halionekani. Mimi naona angepata usingizi hata kama faili lingeonyesha kwamba hakuna aliyekosea, kwa sababu angejua kuwa na yeye hakukosea.